Watoro wa Rabai na Haki ya Mwanadamu

Katika mazungumzo haya twataka kutazama neno moja litajwalo mara nyingi siku hizi, mijini na mashambani: haki ya mwanadamu. Wengi hulitaja, walakini wachache huuliza swali lililo chini yake, nalo ni hili: haki hiyo yatoka wapi? Je, mtu hupewa haki na Serikali, kama apewavyo stakabadhi ya kodi? Je, huipata kwa kuzaliwa katika kabila fulani, au kwa kuwa na mali? Au anayo kwa sababu tu yeye ni mtu, hata kama sheria za nchi zasema hana?

Swali hili halikuulizwa Ulaya peke yake. Hapa kwetu pwani liliulizwa kwa vitendo, katika vilima vya Rabai, nyuma ya Mombasa, kati ya mwaka 1873 na mwaka 1889. Walioliuliza hawakuwa mahakimu wala wenye elimu kubwa. Wengi wao walikuwa watumwa waliotoroka usiku, wakaenda kubisha mlango wa Wakristo. Wakristo wale iliwabidi kujibu, tena upesi, kwa maana mtu aliyesimama mlangoni ana bwana wake amfuataye nyuma. Tutasimulia mambo yale kwa taratibu, kisha tutapima hoja za kila upande, ili wasomaji wetu, wazee kwa vijana, waamue wenyewe.

Hali ya mtumwa

Kwanza yatupasa kujua utumwa wa pwani ulikuwaje. Wako waliosema ulikuwa mwepesi, kwa kuwa watumwa wengine waliongoza misafara ya mabwana zao, na wengine walifanya kazi ya kibarua mjini wakampelekea bwana sehemu ya ujira. Ni kweli kwamba hali zilitofautiana. Aliyeletwa karibuni kutoka bara aliitwa mjinga. Aliyezaliwa nyumbani mwa bwana aliitwa mzalia, naye alipata heshima kidogo zaidi. Wengi walikuwa watumwa wa shamba, wakilima karafuu Unguja na Pemba, au mtama na ufuta katika mashamba makubwa ya Malindi na Takaungu.

Lakini uzito wa utumwa haukuwa katika kazi. Hata mwungwana maskini alilima tangu alfajiri hata jua likachwa. Uzito ulikuwa katika jambo jingine: mtumwa hakuwa mwenye nafsi yake. Aliweza kuuzwa. Hakuoa wala hakuolewa bila idhini ya bwana. Ushahidi wake mbele ya kadhi haukupokewa kama ushahidi wa mwungwana. Akifa, alichokichuma kilikuwa cha bwana. Hata bwana mpole hakuondoa mambo hayo, kwa kuwa bwana mpole naye hufa, na watumwa wake wakagawanywa baina ya warithi pamoja na minazi na mbuzi. Upole wa mtu mmoja si haki. Ni bahati tu, na bahati yaweza kwisha siku moja.

Tena msomaji asidhani ya kuwa biashara hii ilikuwa ya watu wa kabila moja au dini moja. Wareno waliofika pwani yetu mwaka 1498 walikuwa Wakristo, nao walichukua watumwa. Mwaka 1776 Mfaransa mmoja jina lake Morice alifanya mkataba na Sultani wa Kilwa apate watumwa 1,000 kila mwaka, ili walime mashamba ya visiwa vya Wafaransa katika Bahari ya Hindi. Masultani wa Unguja walipata ushuru mwingi katika biashara ya watumwa. Matajiri wa Kihindi waliwakopesha wenye misafara. Huko bara wako wakuu waliouza mateka wa vita, na wakati wa njaa, kama ile kubwa ya mwaka 1884, wako wazazi walioweka watoto wao rehani kwa chakula. Basi mwenye kutafuta jamaa moja aitupie lawama yote hataipata.

Wala dini haikuwa ngao ya kutosha. Kurani yasifu tendo la kumwacha mtumwa huru, na mabwana wengi Waislamu waliwaandikia watumwa wao uhuru walipoona kifo kinakaribia. Kanisa la Kikristo nalo lilifundisha tangu zamani kwamba mbele ya Mungu mtumwa na mwungwana ni sawa, na huku Wakristo kwa karne nyingi walinunua na kuuza watu. Dini zote mbili zilikuwa na maneno ya huruma, na katika dini zote mbili walikuwapo watu waliojifunza kuyapita maneno yale bila kusimama.

Mkataba wa mwaka 1873

Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash bin Said wa Unguja alitia sahihi mkataba na Waingereza, baada ya kushurutishwa sana. Kwa mkataba ule masoko ya watumwa yalifungwa, na kuchukua watumwa kwa njia ya bahari kukakatazwa. Mahali pa soko la Mkunazini, mjini Unguja, pakajengwa kanisa, na jiwe la msingi liliwekwa siku ya Krismasi mwaka ule ule. Mwaka 1876 Sultani alitoa amri nyingine, kukataza misafara ya watumwa ya nchi kavu.

Lakini angalieni vizuri. Mkataba ulikataza biashara. Haukukataza utumwa wenyewe. Mtu asiweze kuuzwa sokoni Unguja, lakini yule aliyekuwa tayari mtumwa shambani alibaki mtumwa, na sheria ya nchi ilimpa bwana haki ya kumrudisha akitoroka. Manowari za Kiingereza zilimkamata mwenye jahazi lenye watumwa na kuwaachia watu wake huru. Balozi wa Kiingereza huyo huyo alisema hana ruhusa ya kumgusa mtumwa wa shamba, kwa kuwa yeye ni mali halali. Watu wawili waliotekwa siku moja, katika kijiji kimoja, waliweza kuwa mmoja huru na mmoja mtumwa, kwa sababu jahazi la mmoja lilikamatwa na la mwenzake likapita.

Watu walioachiwa huru baharini iliwapasa kupata mahali pa kukaa. Kwa ajili yao chama cha Misioni kiitwacho C.M.S. kilinunua ardhi Kisauni, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, na mwaka 1875 Padre W. S. Price akaanzisha mji ulioitwa Freretown, kwa jina la Sir Bartle Frere, aliyetumwa na Serikali yake kusema na Sultani juu ya mkataba. Mpaka leo mahali pale paitwa Kengeleni, kwa sababu ya kengele ya Misioni.

Rabai ilikuwa ya zamani zaidi. Dokta Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na tangu mwaka 1846 yeye na Rebmann walikaa Rabai kwa idhini ya wazee wa nchi. Kwa miaka mingi walioamini walikuwa wachache sana. Kisha walikuja Waafrika waliolelewa Bara Hindi: watu waliotekwa utotoni, wakaokolewa, wakapelekwa karibu na Bombay na kusomeshwa huko katika shule ya Nasik. Mwaka 1864 walifika William Jones, Ishmael Semler na George David, na wengine wengi wakafuata mji wa Freretown ulipoanzishwa. Watu hawa walijua kusoma na kuandika, walijua kazi za mikono, tena walijua jambo jingine wasilolijua Wazungu: kila mmoja aliwahi kuwa bidhaa. George David aliiangalia Rabai mpaka alipofariki mwaka 1884. Baadaye kazi ile ilimwangukia William Jones.

Watoro wafika

Habari za Misioni zilienea upesi mashambani. Watumwa walisikia ya kuwa uko mji wa watu walioachiwa huru, nao hawakujua tofauti ya sheria baina ya mtumwa wa baharini na mtumwa wa shambani. Au labda waliijua, wakaiona si kitu. Wakaanza kutoroka. Wengine walitoka Mombasa na viunga vyake, wengine Takaungu, wengine Malindi. Wengine walipigwa, wengine walitenganishwa na wake zao, na wengine hawakuwa na kisa cho chote ila walichoka kuwa wa mtu.

Watoro hawakwenda kwa Wazungu peke yao. Wagiriama waliokwisha kuamini, wafuasi wa mzee Abe Ngoa, walianzisha kijiji Fuladoyo, huko bara, wakawapokea watoro huko. Hakuna Mzungu aliyekaa nao, wala bunduki za manowari hazikuwalinda. Kiongozi wao mmoja, David Koi, alishikwa na watu waliowachukia kwa kuwahifadhi watoro, akauawa. Jina lake latajwa mara chache, na kwa hiyo tumelitaja hapa.

Wenye watumwa walikasirika, na kwa upande wao walikuwa na sababu. Walikuwa wamenunua watu wale kwa fedha, na sheria ya nchi iliwaunga mkono. Mwaka 1880 habari zilienea Mombasa kwamba Freretown itashambuliwa, na watu wa Misioni wakakaa usiku kwa hofu. Wakubwa wa C.M.S. walikuwa wamewaagiza watu wao wasiwapokee watoro, na balozi wa Kiingereza Unguja aliwaonya vile vile, maana aliona Misioni ikivunja sheria, Sultani atasema Waingereza wamevunja mkataba. Basi Padre na Mwalimu wa Rabai walikuwa katikati: mbele yao mtu amepiga magoti, nyuma yao barua ya wakubwa yasema mrudisheni.

Hoja za pande mbili

Sasa tupime. Waliosema mtoro arudishwe hawakuwa wote watu wakatili. Walikuwa na hoja nne, nazo zastahili kusikilizwa.

Ya kwanza, walisema Mkristo ameamriwa kutii wenye mamlaka, na mwenye mamlaka pwani ni Sultani. Ya pili, walisema Mtume Paulo mwenyewe alimrudisha mtoro Onesimo kwa bwana wake Filemoni. Je, sisi ni bora kuliko Mtume? Ya tatu, walisema Misioni imekwisha kuahidi, na Mkristo hutimiza ahadi. Ya nne, walisema kwamba kwa kumpokea mtoro mmoja twahatarisha maisha ya mamia walio huru tayari, wanawake na watoto.

Upande wa pili ulijibu zaidi kwa matendo kuliko kwa maneno. Lakini matendo yana hoja ndani yake, nasi twaweza kuzitoa.

Juu ya mamlaka: ni kweli mamlaka yapasa kutiiwa, kwa kuwa bila mamlaka mnyonge huliwa na mwenye nguvu. Hiyo ndiyo sababu ya kuwapo mamlaka. Basi mamlaka yakiagiza mnyonge akabidhiwe kwa mwenye nguvu, yamekwenda kinyume cha sababu yake yenyewe. Mitume nao, walipokatazwa na baraza kufundisha, walijibu kwamba imewapasa kumtii Mungu kwanza. Hawakuasi nchi; walikubali kutiwa gerezani. Lakini hawakutenda lile waliloliona ni ovu.

Juu ya Onesimo: anayetaja jambo hili asome barua yote, si nusu yake. Paulo hakumkabidhi Onesimo kwa askari. Alimpelekea Filemoni waraka, akamtaka ampokee mtu yule, si tena kama mtumwa bali kama ndugu mpendwa, naam, ampokee kama ambavyo angempokea Paulo mwenyewe. Na kama lipo deni, Paulo atalilipa. Kumrudisha mtu kwa Mkristo aliyeombwa awe nduguye si sawa na kumrudisha kwa mtu ambaye huenda atamfunga mnyororo. Tena katika Torati, Kumbukumbu la Torati sura ya 23, Waisraeli walikatazwa kabisa kumtoa kwa bwana wake mtumwa aliyekimbilia kwao. Waliamriwa wamwache akae mahali apendapo, wala wasimwonee. Watu wa Israeli walikuwa wenyewe watumwa Misri. Aliyepata kufungwa haulizi kwa nini mtu ametoroka.

Juu ya ahadi: hapa pana jambo ambalo twaomba wanafunzi walifikiri sana. Mtu aweza kuahidi kilicho chake. Naweza kuahidi ng'ombe wangu, siwezi kuahidi ng'ombe wa jirani. Je, Misioni iliweza kuahidi mwili wa mtoro? Mwili ule haukuwa wa Misioni. Waliotia sahihi hawakumwuliza mwenyewe. Ahadi ya kutoa kisicho chako haikufungi, ila yakupasa kwenda kwa uliyemwahidi kumwambia wazi kwamba umeahidi usiloweza.

Juu ya hatari: hoja hii ndiyo nzito kuliko zote, nasi hatuwezi kuipuuza. Mwenye kufungua mlango kwa mmoja hufungua kwa ajili ya wote waliomo ndani. Lakini yatupasa kuuliza: ni nani aliyeulizwa kama yuko tayari kuistahimili hatari? Wakubwa waliokaa Ulaya waliogopa kwa ajili ya watu wa Rabai. Watu wa Rabai wenyewe, ambao ndio wangeuawa, ndio waliofungua mlango. Waliokwisha kuokolewa hawakutaka wokovu wao ununuliwe kwa kuwarudisha wenzao.

Na juu ya hoja hizi zote liko jambo moja la asili. Maandiko yasema mwanadamu ameumbwa kwa mfano wa Mungu. Hayasemi mwungwana, wala Mzungu, wala Mwarabu, wala mwenye elimu, yasema mwanadamu. Kama ndivyo, thamani ya mtu haikutiwa na mtu, wala haiwezi kuondolewa na mtu. Sheria yaweza kuitambua au kukataa kuitambua, kama vile mtu aweza kufumba macho jua likiwaka. Hata asiyeshika dini yetu aweza kufika hapo kwa akili yake, akijiuliza tu: je, mimi ningekubali kutendewa hivi? Hapana mwenye watumwa aliyejibu ndiyo.

Kosa ndani ya nyumba

Tungesimulia habari hii kana kwamba Misioni ilikuwa na haki yote, tungekuwa tumesema uwongo. Freretown, mji uliojengwa kwa ajili ya walioachiwa huru, ulikuwa na gereza na viboko. Katika miaka ya kwanza ya 1880 msimamizi mmoja Mzungu aliwafunga na kuwapiga watu kwa makosa madogo, mpaka malalamiko yakafika kwa Serikali, na mwaka 1881 kukafanywa uchunguzi. Yule msimamizi aliondolewa. Wako walioona afadhali kukimbia mji wa uhuru kama walivyokimbia shamba.

Hata wale Waafrika wa Bombay, waliochukua mzigo mkubwa wa kazi, walilipwa pungufu na kuwekwa chini ya vijana wa Kizungu waliofika jana. William Jones alipewa daraja la ushemasi na Askofu Hannington mwaka 1885, akasafiri naye kuelekea Uganda. Askofu alipouawa Busoga mwezi wa Oktoba mwaka ule, Jones ndiye aliyewakusanya waliobaki, akawaongoza njia yote mpaka Rabai, mwanzo wa mwaka 1886. Hata hivyo miaka iliyofuata yeye na wenzake walizidi kulalamika kwamba hawatendewi kama wachungaji wenzao.

Mafundisho ya jambo hili ni makubwa. Mtu aweza kumhurumia mwenzake na huku asimheshimu. Huruma humwona mtu akiwa chini. Haki humwona akiwa sawa. Aliyekufungua minyororo hakupata kwa hiyo ruhusa ya kukupiga. Wahenga wetu walilijua jambo hili waliposema: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Siku ya kwanza ya mwaka 1889

Mwaka 1888 mambo yalifika ukingoni. Huko mrima, kuanzia Pangani, watu waliinuka pamoja na Bushiri kupigana na Wajerumani. Pwani yote ilikuwa kama nyasi kavu. Mwezi wa Oktoba alifika Mombasa Bwana George Mackenzie, wakili wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika ya Mashariki, iliyokodi pwani ya kaskazini kwa Sultani. Jambo la kwanza alilolisikia kwa wakubwa wa mji lilikuwa lalamiko: Misioni yaficha watumwa wetu.

Padre Price, aliyerudi mwaka ule kuangalia kazi, aliamini kwamba watoro ni wachache. Watu walipoandikwa majina, ikaonekana kwamba katika vituo vya Misioni walikuwamo watoro zaidi ya 1,400, na wengi wao walikuwa Rabai. Walikuwa wamejenga nyumba, wamelima, wameoana, wamezaa. Wazungu walishangaa. Sisi hatuoni la kushangaa: William Jones na wazee wake walijua siku zote, wakanyamaza.

Sasa wafanye nini? Kuwarudisha watu zaidi ya elfu moja kungekuwa dhambi isiyosahaulika, tena wasingekubali kwenda bila damu. Kuwaweka bila neno kungeleta vita. Mackenzie akatoa shauri: wenye watumwa walipwe fidia, na kila mtoro aandikiwe barua ya uhuru. Fedha zilitoka kwa Kampuni, Serikali ya Kiingereza, na Wakristo waliochanga. Wenye watumwa wakakubali. Tarehe 1 Januari 1889 watu walikusanyika Rabai, na barua za uhuru zikatolewa.

Je, ilikuwa vema kulipa? Swali hili liliwasumbua wengi, tena lilikuwa limeulizwa Uingereza kabla ya hapo, Bunge lilipoondoa utumwa katika makoloni kwa sheria ya mwaka 1833 na kuwapa wenye watumwa pauni milioni 20, huku watumwa wenyewe wasipewe hata senti. Anayekataa husema: ukimlipa mwizi ili arudishe kilichoibiwa, umekiri kwamba kilikuwa chake. Kama mtu hawezi kuwa mali, hana bei. Na kama hana bei, fedha hizi ni za nini? Kama fidia ilipasa kutolewa, yule aliyefanya kazi miaka 20 bila ujira ndiye aliyestahili.

Anayekubali hujibu: mtu akishikwa na simba, hatusimami kujadili kama simba ana haki ya kupewa mbuzi, tunamtupia mbuzi tumwokoe mtu. Fedha zile zilinunua amani, si watu. Watu hawakuwa wanauzwa. Walikuwa huru tayari mbele ya Mungu na mbele ya nafsi zao, wakisubiri wengine wakubali.

Sisi twaona pande zote mbili zina neno la kweli. Kulipa kulikuwa na busara siku ile, kwa maana watu walipona. Lakini kulipa hakukumaliza haki. Haki ilibaki na deni, na deni lile halikuandikwa katika barua yo yote.

Yaliyofuata

Hatua za sheria zilikuja polepole. Mwaka 1890 Sultani Ali bin Said alikataza kuuza na kununua watumwa kwa namna yo yote. Mwaka 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed aliondoa hali ya utumwa katika sheria ya Unguja na Pemba. Walakini mtumwa iliambiwa aende mwenyewe barazani kuomba, na aonyeshe mahali atakapokaa na njia ya kujilisha. Masuria waliachwa nje mpaka mwaka 1909. Pwani ya Kenya utumwa uliondolewa katika sheria mwaka 1907, na Tanganyika mwaka 1922. Katika hatua hizi nyingi, fidia ilipotolewa, ilikwenda kwa mabwana.

Na ardhi? Waliokuwa na hati za mashamba walikuwa mabwana. Mwaka 1908 Serikali ilianza kuandikisha ardhi ya pwani ya Kenya, na aliyelima miaka mingi shamba la bwana hakuwa na karatasi ya kuonyesha. Wengi waliotoka utumwani wakawa wakaaji katika ardhi ya watu wengine, na watoto wao vile vile. Kwa hiyo tusidhani kwamba mtu akiambiwa "u huru" mambo yamekwisha. Uhuru bila mahali pa kupanda muhogo ni nusu ya njia.

Mataifa nayo yalikubaliana kwa mkataba wa mwaka 1926 kuondoa utumwa duniani. Tarehe 10 Desemba 1948, huko Paris, Umoja wa Mataifa ulikubali Tangazo la Ulimwengu la Haki za Binadamu, ambalo katika kifungu chake cha 4 lakataza utumwa wa kila namna. Miongoni mwa walioliandika alikuwamo Charles Malik wa Lebanoni, Mkristo, aliyeshikilia kwamba mtu binafsi ana thamani kabla ya dola na kabla ya kundi lake. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 nayo, katika kifungu cha 30, yakataza mtu kuwekwa utumwani. Maneno haya ni mema sana. Lakini watoro wa Rabai hawakuyangojea yaandikwe. Waliyatangulia kwa miguu yao.

Mafundisho kwetu

Tumalize kwa kuyaleta mambo haya nyumbani. Msomaji aweza kusema: soko la Mkunazini limefungwa tangu mwaka 1873, mimi nina hatia gani? Ni kweli hatuuzi watu sokoni. Walakini kila mmoja wetu na ajiulize. Yule mtoto wa jamaa aliyeletwa kutoka kijijini kutusaidia kazi, je, aenda shule kama watoto wetu, au yeye huosha vyombo wenzake wakisoma? Kibarua wetu akidai ujira wake mwisho wa mwezi, twampa, au twamwambia arudi kesho na kesho kutwa? Msichana anapoozwa kwa mtu asiyemtaka ili baba alipe deni, ni nini kilichobadilika tangu siku za njaa ya mwaka 1884?

Na mtu akitubishia mlango, amekimbia mume ampigaye au tajiri aliyemdhulumu, tutakuwa na hoja zile zile nne: sheria, desturi, ahadi na hatari. Zote huenda zikawa na kweli ndani yake. Tuzipime kwa uangalifu, kama ilivyopasa kuzipima Rabai. Lakini tukumbuke kwamba tunapozipima, mtu yule angali amesimama nje, na usiku unaingia. Wazee wa Rabai hawakuwa na Tangazo la Mataifa mikononi. Walikuwa na kumbukumbu za minyororo yao, na neno moja kwamba kila mtu ni mfano wa Mungu. Kwa hayo mawili walifungua mlango, na watu zaidi ya 1,400 wakaishi.